Mjadala: Je, makutano ya barabara kuu yajengwe kabla kaunti haijapanga ardhi inayoyazunguka?

Mleta mada:
Waungwana, naomba tulijadili jambo ambalo tumewaachia wahandisi peke yao kwa muda mrefu. Njia za kuingia na kutoka barabara kuu kwenye makutano huamua matumizi ya ardhi ya Nairobi kuliko ramani yoyote iliyopitishwa kule City Hall. Penye njia ya kutokea, bei ya ploti hupanda, nyumba ya familia moja hubomolewa na fleti hujengwa mahali pake, ilhali bomba la majitaka hubaki lile lile lililowahudumia watu wachache.

Chanzo kimo katika mgawanyo wa majukumu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa Serikali ya Kitaifa barabara kuu, likazipa kaunti mipango ya ardhi, barabara za kaunti na maegesho. Kwa hiyo mamlaka ya barabara kuu, KeNHA, hujenga hadi mwisho wa hifadhi yake, yaani ardhi iliyotengewa barabara, na magari yote yanayomwagika nje ya mpaka huo huwa mzigo wa kaunti. Barabara ya Thika ilizinduliwa Novemba 2012, huku mpango mkuu wa jiji, NIUPLAN, ukianzia 2014. Mkakati uliotangulia ulikuwa wa 1973! Mitaa ya Roysambu, Zimmerman na Kasarani ilijengeka kwa kuifuata barabara, si mpango.

Ninapendekeza kwamba pesa za ujenzi wa makutano yoyote mapya zisitolewe mpaka Bunge la Kaunti liwe limepitisha mpango wa eneo husika chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019.

Mhandisi wa barabara:
Ndugu mleta mada, nakuheshimu, lakini sikubaliani nawe. Lori linalotoka bandarini Mombasa kwenda mpakani Malaba haliwezi kusubiri wawakilishi wa wadi wakubaliane kuhusu idadi ya ghorofa. Isitoshe, vibali vya fleti hizo unazozilalamikia hutolewa na kaunti yenyewe. Ikiwa mpango uliopo haufuatwi, kuongeza mwingine kutatusaidia nini?

Mkazi wa Githurai:
Mimi nauliza swali dogo: ni kaunti ipi itakayopanga? Githurai 44 iko Nairobi na Githurai 45 iko Kiambu, na makutano ni yale yale. Ukisimama hapo saa moja jioni utawaona akina mama wametandaza sukuma wiki na nyanya juu ya magunia hadi ukingoni mwa lami, matatu zikishusha abiria katikati ya njia, na watu wanaotembea kwa miguu wakipenya kati ya magari kwa kuwa hawana pa kupita. Wauzaji hao wamewafuata wateja wao. Michoro ya barabara ilihesabu magari, ikamsahau anayeshuka matatu akitaka kununua mboga ya jioni. Soko na kituo cha matatu vingalipangiwa nafasi mapema, askari wasingekuwa wakiwafukuza akina mama hao kila mara.

Mpangaji wa nyumba ya kukodi, Embakasi:
Mnazungumza kana kwamba mpango wenyewe ni ngao. Kaunti ya Nairobi ilitangaza mitaa ya mabanda ya Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, na wakazi wakashirikishwa kuandaa mpango huo. Mwaka 2021 matingatinga yalibomoa makazi ya maelfu ya watu kule Mukuru kwa Njenga ili kupisha barabara. Ibara ya 40 ya Katiba inasema wanaokaa mahali kwa nia njema bila hatimiliki wanaweza kufidiwa. "Wanaweza" si "lazima". Sitaunga mkono pendekezo lolote lisilomtaja mpangaji.

Mleta mada:
Nashukuru, hasa kwako dada wa Embakasi, na ninakubali sharti lako liingizwe: mpango wa eneo uoneshe wapangaji watahamia wapi kabla ya tingatinga kufika. Kuhusu Githurai, Ibara ya 189 inaziruhusu serikali kuunda kamati za pamoja, kwa hiyo Nairobi na Kiambu hazina kisingizio.

Mhandisi, usanifu wa makutano, tathmini ya mazingira na utwaaji wa ardhi huchukua miaka. Kaunti ikiitwa mezani siku ile mchoro wa kwanza unapochorwa, lori lako halitacheleweshwa hata kidogo.

Mhandisi wa barabara:
Hapo nakaribia kukuelewa, lakini hujasema ni nani atakayelipia bomba la majitaka.

Mleta mada:
Alipie yule ambaye ploti yake imepanda bei kwa sababu ya barabara iliyojengwa kwa kodi ya wote. Kwa miongo mingi Nairobi ilitoza ada ya ardhi kwa kutumia daftari la thamani za ardhi la mapema miaka ya 1980, maana yake faida iliyoletwa na barabara ya Thika iliishia mifukoni mwa wenye ardhi huku kaunti ikibaki na gharama. Thamani ya ardhi ipimwe upya mara tu makutano yanapoidhinishwa, na nyongeza ya ada itengwe kwa maji, majitaka na njia za waendao kwa miguu katika eneo hilo hilo. Anayepinga hili aeleze ni wapi kwingine pesa hizo zitatoka.