Nani kakufundisha, fundi baiskeli?!

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Mnamjua. Hakuna mtu wa kompyuta Tanga hii asiyemjua, yule bwana mkubwa wa kalamu nyekundu. Leo kanidhalilisha mbele ya ofisi nzima, mbele ya mgeni wa tawi la Korogwe, mbele ya mama wa chai: "Nani kakufundisha kujoini, fundi baiskeli wa Ngamiani?"

Fundi baiskeli! Watu walicheka hadi feni ikayumba. Mama wa chai alicheka birika likiwa mkononi, chai ikamwagikia ripoti.

Kisa chenyewe: kwenye databesi tuna jedwali la wateja na jedwali la malipo, na kujoini ni kuyaunganisha. Meneja anataka wateja wote wa mikopo na walicholipa Juni, na asiyelipa aonekane, maana ndiye anayetafutwa. Nikaandika kwa SQL, lugha ya kuulizia databesi:

SELECT w.jina, SUM(m.kiasi)
FROM wateja w
LEFT JOIN malipo m ON m.mteja_id = w.id AND m.mwezi = 6
GROUP BY w.id, w.jina;

Sharti la mwezi limekaa makusudi kwenye ON, pale majedwali yanapounganishwa. LEFT JOIN inabakiza kila mteja, kwa hiyo asiyelipa anabaki kwenye orodha, upande wa kiasi unatoka NULL, yaani hakuna kitu. Bwana mkubwa akalizungushia duara jekundu, akalihamishia chini, kwenye chujio la baada ya kuunganisha: WHERE m.mwezi = 6. "Masharti yote hukaa WHERE, kijana." Halafu ndiyo akalitoa lile neno. Fundi baiskeli.

Sasa asiyelipa ana NULL, na NULL = 6 haiwi kweli hata ukiisomea dua. Anachujwa. LEFT JOIN imeshageuka INNER JOIN hapo, ile inayobakiza wenye malipo tu! Ripoti ikatoka haina mdaiwa hata mmoja. Pongwe nzima imelipa! Duga imelipa! Watu tunaowafukuza na bodaboda hadi Muheza wamefutika kwa kalamu. Meneja akapiga makofi, na mimi nimekaa pale, fundi baiskeli. Mama wa chai anacheka, jamani. Mama wa chai!

Kamba_ya_Mkonge: Pole mkuu. Huyo alipita kwetu kabla hajaja kwenu. Mteja mwenye malipo matano alikuwa anatokea mara tano, dawa ya bwana huyo ikawa kubandika DISTINCT (ondoa marudio) kwenye jina. Wateja wawili wenye jina moja wakawa mtu mmoja, mmoja akaja dirishani kudai yuko hai.

Samaki_wa_Sahare: Mbona hukumjibu palepale? Umenywea huko, umekuja kutungurumia sisi. Ungeendesha kwiri (maswali ya SQL) zote mbili kwenye projekta, mkahesabu mistari. Basi.

Mleta uzi: Ningemjibuje watu wanacheka? Hujamsikia mama wa chai anavyocheka wewe.

Ukuta_wa_Tongoni: Nyie mna raha. Wetu anaandika FROM wateja, mikopo kwa koma, sharti la kuunganisha kasahau. Kila mteja akaunganishwa na kila mkopo: wateja 3,000 mara mikopo 4,000, mistari 12,000,000. Seva ikazimia, tukaenda kula. Na JOIN yenye ON iko kwenye kiwango cha SQL tangu 1992!

Kamba_ya_Mkonge: Afadhali huyo. Sisi kaandika NOT IN (wasiokuwemo kwenye orodha) kutafuta wasiolipa, kumbe kuna malipo mamoja mteja_id yake ni NULL. NULL hiyo moja ikafanya irudi tupu. Akatangaza tumemaliza madeni, wakaagiza pilau.

Mleta uzi: Hayo yote sawa, lakini kuna aliyewaita fundi baiskeli?

Binti_Fundi: Ngoja kwanza. Fundi baiskeli kafanya nini? Baba yangu ni fundi baiskeli barabara ya 12, ndiye aliyenilipia ada hadi nikasoma hizo databesi zenu. Uzi mzima unalia kufananishwa na baba yangu.

Samaki_wa_Sahare: Kashikwa 😂😂

Mleta uzi: Dada yangu, mzee namheshimu sana, shikamoo yake nampa. Aliyemdharau ni yule wa kalamu nyekundu, siyo mimi.

Binti_Fundi: Marahaba nitamfikishia. Na ujue baba hajawahi kupoteza baiskeli ya mtu, achilia mbali Pongwe nzima.

Ukuta_wa_Tongoni: Mzee anapiga rimu ya inchi 28? Yangu imepinda tangu masika, mafundi wawili wameshindwa.

Binti_Fundi: Anapiga. Njoo kabla ya saa 4 asubuhi, baadaye foleni inakuwa ndefu. Spoku njoo nazo, siku hizi dukani wanauza laini zinazokatika.

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa kwenye LEFT JOIN.

Kamba_ya_Mkonge: Hizo spoku laini ndizo zilizonitupa mtaroni pale Makorora. Kuna mtu anajua duka lenye ngumu?

Samaki_wa_Sahare: Mimi cheni inaruka kila nikipanda kilima. Nije nayo hiyo kesho?