Rekoda ya mkononi au intafesi na maiki, kwa nyimbo za asili na biti za nyumbani?

MpigaZeze: Wakuu, habari za jioni. Kabla mwezi haujaisha nataka kununua kifaa, na nimekwama kati ya viwili: rekoda ndogo ya Zoom H1n, au intafesi (kisanduku cha kuunganisha maiki na kompyuta) ya Focusrite Scarlett Solo na maiki yake. Nyimbo za kwetu nazipenda mno, na usiku nazitengenezea biti za kielektroniki. Nichukue ipi?

Mzee_wa_Makongoro: Bajeti? Unarekodi chumbani au uwanjani? Na "kwetu" ni wapi mkuu? Bila hayo tutapiga ramli tu.

FundiMitambo: Scarlett. Weka maiki ya SM58, hutajuta.

MpigaZeze: Kwetu Chamwino, Dodoma. Bibi na wenzake wanapiga ngoma ya muheme, mjomba anapiga ilimba, ile ala ya ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole. Laptopu ninayo, natumia programu ya muziki ya FL Studio.

Mzee_wa_Makongoro: Bajeti bado hujasema.

BintiUsambara: Mimi nakuomba uchukue rekoda, na nina sababu. Nilibeba laptopu, intafesi na maiki ya kondensa hadi kijijini kwetu Lushoto kurekodi nyimbo za arusi. Umeme ukakatika. Intafesi inakula umeme wa laptopu, maiki nayo inadai volti 48 kutoka humohumo. Betri ikaisha wimbo ukiwa katikati. Jirani akatuletea jenereta, ikanguruma ndani ya kila wimbo. Halafu ile maiki, niliyouziwa dukani kuwa ni orijino, ilikuwa na mvumo wake mwenyewe. Wazee walivumilia mpaka jua likazama. Sasa mama aliyekuwa anaongoza amehamia Tanga kwa mwanawe, na kundi halijakaa pamoja tena. H1n inatumia betri mbili za AAA, unapata kila duka la kijijini.

FundiMitambo: Pole dada, lakini hiyo ni habari ya umeme, si ya sauti. Maiki za H1n ni ndogo. Muheme ukipigwa karibu, sauti inapasuka.

BintiUsambara: Anasogea nyuma, anashusha kiwango, anawasha limita inayozuia sauti isipasuke. Imo humo humo.

NotiAsilia: Mnajadili vyombo na kuacha ilimba yenyewe. Muziki wa Wagogo unafuata mfululizo wa sauti asilia, haufuati kinanda. Sauti ya saba ya mfululizo huo iko chini ya noti ya kinanda kwa senti 31, na nusu toni nzima, yaani hatua ya noti mbili jirani za kinanda, ni senti 100. Ukiweka kodi za kinanda (noti zinazopigwa pamoja) chini ya ilimba ya mjomba, vitagombana. Rekodi kila ulimi wa ilimba peke yake, kisha jenga biti kwa sauti hizo hizo. Na ule mvumo wa utando wa buibui kwenye tundu la ilimba usiusafishe kwa programu! Ndiyo sauti yenyewe.

TandaleSpidi: Au piga singeli tu, mapigo 200 na zaidi kwa dakika, nani atasikia senti 31?

NotiAsilia: Bibi yake atasikia. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alifanya albamu na Mkanada Michael Brook, ikatoka 2002, na ilimba bado inasikika kama ilimba.

TandaleSpidi: Singeli nayo ni yetu, imezaliwa uswahilini Dar. Usiifanye ya pili.

Mzee_wa_Makongoro: Kuna jambo zito zaidi. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inagusa pia sanaa za jadi. Ukitaka kuuza, zungumza na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kwanza kabisa na bibi na wenzake.

MpigaZeze: Siuzi, ni mapenzi tu. Ila nitawauliza. NotiAsilia, kwenye FL nashushaje noti moja tu bila kugusa nyingine?

NotiAsilia: Kila sampuli, yaani kila sauti uliyorekodi, ipe chaneli yake, ushushe "pitch" (kimo cha sauti) ya hiyo chaneli peke yake.

FundiMitambo: Kwa hilo programu ya Reaper ni rahisi zaidi.

TandaleSpidi: Reaper kwa biti? Hapana kaka, hapo tutabishana hadi asubuhi.