Thamokapo zinaruka pampu ikiwaka, nimekosea wapi kufunga waya?

Mkaza_Nati
Wakuu, naombeni msaada, leo siku ya tatu sijapata jibu. Nina kadi ya kukusanya data ya biti 16, chaneli 16, inaingia kwenye laptopu kwa USB. Nimefunga thamokapo nne (vihisi vya joto vya nyaya mbili) za aina K: tatu zimechomelewa kwenye mwili wa pampu, ya nne inaning'inia hewani ndani ya boksi la plastiki. Kila waya chanya una chaneli yake, hasi zote nimezikusanya kwenye tundu la ardhi la kadi. Kipimo, yaani upeo wa volti ambao kadi inasoma, nimekiacha ±10 V kama nilivyokikuta.

Pampu ikiwa imezimwa, chuma kinasoma nyuzi 62. Nikiwasha, 84 papo hapo. Nikizima, inarudi 62. Chuma hakiwezi kupata moto hivyo kwa sekunde moja! Tena namba zinaruka hatua za nyuzi 7 hivi, katikati hakuna kitu.

Sakiti_Safi
Laptopu iko kwenye chaja? Ichomoe, ibaki na betri tu, kisha washa pampu.

Mkaza_Nati
Mkuu! Imetulia 62. Nikirudisha chaja, 84 tena.

Sakiti_Safi
Basi ni kitanzi cha ardhi. Mwili wa pampu una ardhi yake, laptopu inapata ardhi nyingine kupitia chaja, na wewe umeziunganisha kwa waya hasi. Ardhi mbili hazilingani kamwe, hasa mota ikivuta umeme. Aina K inatoa takriban mikrovolti 41 kwa nyuzi moja, kwa hiyo nyuzi zako 22 za uongo ni kama milivolti 0.9 tu. Kubaki kwenye betri si dawa, siku ukichomeka kebo nyingine yenye ardhi tatizo linarudi.

Toa hasi zote kwenye tundu la ardhi. Weka kadi kwenye hali ya kupima tofauti, yaani kila thamokapo inashika matundu mawili, chanya na hasi, na kadi inasoma tofauti kati yake. Chaneli 16 zitakuwa 8, lakini wewe unahitaji nne.

Mama_Volti
Naongezea hapo kwenye hatua za nyuzi 7, maana hilo ni kosa jingine kabisa. ±10 V ni volti 20, ukigawa kwa 65,536, yaani idadi ya hatua za biti 16, unapata mikrovolti 305 kwa hatua. Gawa kwa 41, hizo ndizo nyuzi zako 7. Shusha kipimo hadi kidogo kabisa ambacho kadi inaruhusu. Kwenye ±80 mV hatua inakuwa mikrovolti 2.4. Watu wengi wanalaumu kihisi wakati kipimo ndicho kibovu, inaniuma kila nikiona.

Na kama umerefusha waya, umetumia waya wa aina K? Shaba ya kawaida itakudanganya.

Mkaza_Nati
Waya ni wa aina K hadi kwenye kadi. Nimebadilisha vyote viwili. Tatu za kwenye pampu zimekaa vizuri, hata pampu ikiwaka. Ila ya nne, ya hewani, inapanda taratibu mpaka inagota mwisho wa kipimo! Mwanzo ilikuwa sawa.

Sakiti_Safi
Hiyo haijagusa ardhi popote. Kila ingizo la kadi linapitisha mkondo mdogo sana, na usipopata njia ya kurudi, volti inajikusanya mpaka inatoka nje ya uwezo wa kadi. Za kwenye pampu zinarudishia kwenye chuma. Hiyo ya nne iwekee rizista ya kilo-omu 100 kutoka hasi yake hadi ardhi ya analogi ya kadi. Kumi hadi mia inafaa. Tatu za pampu usiziguse.

Mama_Volti
Kebo ikiwa na wavu wa kinga, ufunge upande mmoja tu. Ukifunga pande zote mbili umejenga kitanzi kipya.

Mkaza_Nati
Nimeweka rizista. Ya nne inasoma 27 na imeganda hapo nusu saa sasa. Wavu ulikuwa umefungwa pande zote, nimekata upande wa pampu. Asanteni sana.