Taarifa ya mechi kwa Kiingereza: maneno gani, na nijifunze vipi?

Namba_Kumi aliuliza:

Habari za leo wakuu. Kuna ukurasa wa ligi ya mchangani unahitaji taarifa fupi za mechi kwa Kiingereza, maneno kama 80 kila moja. Kiingereza cha darasani kipo, cha mpira hakitoki. Orodha za mtandaoni zinanipa "ball", "player" na "team", ambayo hata chekechea wanayajua. Maneno yenye kazi ni yapi, na niyashike kwa njia gani?

KiungoMkabaji:

Majina ya vitu yasikusumbue, mkuu. Nusu yake unayo tayari: kona, penalti, krosi, winga, ligi, yote yalitoka hukohuko. Kinachoangusha watu ni vitenzi, na kinara wao ni "kufunga".

Kiswahili unafunga bao na unaifunga timu, kitenzi kilekile. Kiingereza kinagawa. Bao ni "score", timu ni "beat". Kwa hiyo "Simba imeifunga Yanga" ni "Simba beat Yanga". Ukiandika "Simba scored Yanga" hueleweki, na "Simba won Yanga" ni kosa ambalo utalisikia hata redioni. "Win" inabeba mechi, kombe, pointi au mpira wa kichwa, haibebi mpinzani. Na "beat" haibadiliki wakati uliopita: "beat" leo, "beat" jana, kisha "beaten".

Upande wa pili, kufungwa ni "lose to": "Yanga lost 2-1 to Simba". Ukiongelea bao lenyewe, kuruhusu bao ni "concede". Sare ni "draw", jana yake "drew", na kihusishi chake ni "with": "drew 1-1 with". Neno hilohilo "draw" ndilo la kupanga makundi na ratiba ya kombe, kwa hiyo soma sentensi nzima kabla ya kutafsiri.

Pia usichanganye "taken off" na "sent off". Wa kwanza kafanyiwa mabadiliko, wa pili kala nyekundu. Herufi chache tu, lakini unaweza kumsingizia mtu kadi. Aliyeingia kutoka benchi "came on for" fulani.

Mwalimu_wa_Zamu:

Nakubaliana na hapo juu, ila maneno tuliyoyakopa nayo yana mitego, kwa sababu mengi yalibadilika njiani.

Hedi iliyoingia wavuni ni "header". "Heading" ni kitendo kwa ujumla, kama unapofundisha watoto kupiga mpira kwa kichwa. Beki peke yake usiandike "back": wa pembeni ni "full-back", wa kati ni "centre-back", na kwa ujumla wote ni "defenders". Meneja wa timu kwetu ndiye anayeshughulikia safari na vifaa. Kwenye klabu za Uingereza "manager" ndiye kocha mkuu mwenyewe. Tikitaka ndiyo inanichekesha kila mara: kwetu ni ule mpira wa kujipindua hewani, ambao Kiingereza unaitwa "bicycle kick" au "overhead kick". Mwingereza ukimwambia "tiki-taka" anawaza Wahispania na pasi zao fupifupi.

"Dakika za nyongeza" tunazitumia kwa mambo mawili pia. Zile tatu au nne za kufidia muda uliopotea ni "stoppage time" au "added time". "Extra time" ni zile 30, vipindi viwili vya dakika 15, kwenye mtoano tu.

Mwamba ni jambo zuri kulijua. Mpira ukigonga nguzo ya pembeni ni "hit the post", wa juu ni "hit the bar", na kama hutaki kusema ni upi, "hit the woodwork". "Ndani ya kumi na nane" wanayo pia: "the 18-yard box", kwa kifupi "the box". Hizo ni yadi, sawa na mita 16.5. Taarifa za Uingereza hupima mashuti kwa yadi, "from 25 yards", kwa hiyo ukiona 25 usiichukulie kuwa mita. Ni karibu 23.

Tobo, mpira kupitishwa katikati ya miguu ya mpinzani, ni "nutmeg", na ni kitenzi pia. Daluga ni "boots" kwa Mwingereza, "cleats" kwa Mmarekani. Sifuri ya mpira ni "nil": 2-0 ni "two-nil", 1-1 ni "one-all".

Kibendera2:

Njia ya kujifunza. Pakua sheria 17 za mpira kutoka IFAB, chombo kinachotunga sheria hizo duniani, ni bure. Usizisome zote. Chukua ya 11, kuotea, na ya 12, faulo na utovu wa nidhamu. Kiingereza chake ni kikavu, lakini kila neno lina maana moja tu, na hicho ndicho mtu anayeanza anakihitaji. Mfano "careless", "reckless" na "excessive force": kwetu yote yanaishia kuwa "faulo mbaya", kumbe kwenye sheria la kwanza halina kadi, la pili ni njano, la tatu ni nyekundu.

Halafu chagua mechi uliyoiangalia dakika zote 90. Hili la kuiangalia ni la lazima, maana tukio ukiwa nalo kichwani huhitaji kamusi. Unaona sentensi na unajua inasema nini. Soma maelezo yake ya dakika kwa dakika. Sentensi zake ni fupi na zinajirudia: "attempt saved", "attempt blocked", "attempt missed". Kipa kadaka au kapangua, beki kazuia, mpira umetoka. Baada ya hapo soma taarifa kamili ya mechi hiyohiyo na upigie mstari vitenzi tu.

Chukua vitano kwa siku, si zaidi. Kwenye kadi usiandike neno na tafsiri, andika sentensi yenye pengo: "He came ___ for the captain in the 70th minute." Neno pweke hukumbukwa siku ya mtihani na kupotea siku ya kuandika, kwa sababu kinachoponyoka ni kile kihusishi.

Kusikiliza, anza na redio. Mtangazaji wa televisheni hunyamaza kwa kuwa unaona. Wa redio analazimika kutaja mpira uko wapi na nani anao.

MbioNdefu_Eldoret:

Mkianza kuandika riadha, chungeni "heat". Si joto, ni mchujo. Viunzi pia viko viwili: "hurdle" ukiigonga huanguka, "barrier" ya "steeplechase", mbio za kuruka vizuizi na maji, haianguki, wewe ndiye unayeanguka. Mita 3,000 ina vizuizi 28 vya kawaida na 7 vya maji. Muda husomwa kwa vipande: 3:32.2 ya Mtanzania Filbert Bayi kwenye mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 ni "three thirty-two point two". "Riadha" ni "athletics" kwa Mwingereza, "track and field" kwa Mmarekani.

Namba_Kumi:

Shukrani sana wakuu. Nimejaribu, nipasueni bila huruma. Timu nimeziita A na B:

"A won B 2-1. The first goal was scored by heading at minute 23. B equalised by penalty. Their number six was taken off after second yellow card and in extra time A scored from corner."

KiungoMkabaji:

"Equalised" umepatia. Mengine:

"Won B" tumeshaizungumza. "At minute 23" ni Kiswahili kilichovaa suti. Andika "in the 23rd minute". Bao hufungwa "with a header", na penalti "from the penalty spot". Namba sita wako umempumzisha benchi wakati refa kamtoa. Ligi haina "extra time". Na "corner" inataka "a" mbele yake, ila nikuulize: mpira wa kona uliingia moja kwa moja, au kuna mtu aliugusa?

Namba_Kumi:

Moja kwa moja mkuu, kipa aliuangalia tu.

KiungoMkabaji:

Basi ni "direct from a corner", na usilifiche mwishoni bao kama hilo:

"A beat B 2-1 on Sunday with a stoppage-time goal direct from a corner. They had taken the lead with a header in the 23rd minute before B equalised from the penalty spot. B finished with ten men after their number six was sent off for a second yellow card."