Kozi mpya ya Idara ya Historia na shahada yetu ya ualimu: nani mwenye kauli juu ya ulazima wake?

Mratibu wa Mitaala ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wa wenye uzoefu wa kuhuisha mitaala ya vyuo vikuu. Ninaratibu shahada ya kwanza ya ualimu katika chuo kimoja hapa Tanzania, shahada ambayo, kama wengi mjuavyo, haibebwi na idara moja. Sisi wa elimu tunafundisha saikolojia, falsafa ya elimu, upimaji na mbinu za kufundisha, ilhali maudhui ya masomo mawili ya kufundishia anayochagua mwanafunzi, tuseme Historia na Jiografia, au Historia na Kiswahili, yanafundishwa na idara za ndaki nyingine, yaani vitengo vikubwa vya chuo vinavyokusanya idara kadhaa.

Tangu mitaala mipya ya shule ianze kutekelezwa Januari 2024, pamoja na somo la Historia ya Tanzania na Maadili, Idara ya Historia imeandaa kozi mpya ya krediti 12 na inataka iwe ya lazima mwaka wa pili, kwa wanafunzi wake na kwa wetu. Hoja yao siipingi, kwa kuwa hao tunaowaandaa ndio watakaoingia darasani na somo hilo. Tatizo ni nafasi. Muhula wetu una krediti 60, yaani kozi tano: moja ya elimu na mbili kwa kila somo la kufundishia. Idara inataka ibaki na kozi zake mbili, iongeze ya tatu, na kozi yetu ya Mbinu za Kufundisha ihamishiwe mwaka wa tatu, wakati mwanafunzi hana budi kuimaliza kozi hiyo kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha likizo ndefu ya mwaka wa pili. Rasimu imekwishapita katika kikao cha idara yao, na kwenye safu ya "Programu nyingine zitakazoathirika" limeandikwa neno moja tu: "Hakuna".

Je, tusubiri tukaipinge kwenye Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni, au ipo njia ya kulimaliza jambo hili huku chini?

Mhadhiri wa Historia amejibu:

Ndugu Mratibu, mimi nafundisha historia katika chuo kingine, kwa hiyo unisome ukijua natoka upande upi. Idara hiyo ina haki ya kuhofia kwamba mwalimu wa historia atahitimu akiwa amesoma mapinduzi ya viwanda ya Ulaya kwa kina kuliko Vita vya Majimaji. Hata hivyo, kabla ya kugombea nafasi, waulizeni kama kweli wanahitaji kozi mpya. Idara nyingi tayari zina kozi ya historia ya Tanzania, au ya Afrika Mashariki, ambayo ikifumuliwa na kupangwa upya itabeba sehemu kubwa ya wanachokitaka, na kubadili maudhui ya kozi iliyopo ni safari fupi kuliko kuanzisha msimbo mpya. Ikibidi iwe mpya, basi ichukue nafasi ya moja kati ya zile mbili zao. Ninavyotufahamu wanahistoria, tunapenda kuongeza kozi na hatupendi kufuta hata moja.

Lipo jambo jingine ambalo naona halijaguswa. Somo hilo shuleni linafundishwa kwa Kiswahili, na sisi vyuoni tunafundisha historia kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyesoma ukoloni, ujamaa na mageuzi ya uchumi kwa Kiingereza kwa miaka mitatu atasimama mbele ya kidato cha kwanza akitafuta istilahi. Kwa hiyo kozi hiyo, iwe mpya au ya zamani iliyohuishwa, ina sababu ya kufundishwa kwa Kiswahili, na uamuzi huo utawahitaji watu wa Idara ya Kiswahili mezani. Na kwa upande wa maadili, sidhani kama mwanahistoria peke yake anatosha. Walimu wenu wa falsafa wana la kusema.

Mstaafu wa Ofisi ya Taaluma amejibu:

Usisubiri Seneti, mwanangu. Seneti ikiona idara mbili zinavutana mbele yake huzirudisha zikakubaliane kwanza, na kwa kuwa vikao vyake ni vichache, mnaweza kupoteza mwaka mzima wa masomo.

Kwanza tenganisheni mambo mawili ambayo rasimu hiyo imeyachanganya. Kozi ni ya idara inayoifundisha: maudhui, mhadhiri na namna ya kuitahini ni juu yao. Lakini ulazima wa kozi ndani ya shahada ni juu ya mwenye shahada, na mwenye shahada ya ualimu ni ninyi. Idara ya Historia inaweza kuilazimisha kwa wanafunzi wake kesho asubuhi. Kwa wenu inaweza kupendekeza tu. Mwandikieni mkuu wa idara hiyo kwa heshima, nakala kwa wakuu wa ndaki zote mbili, mkiomba safu ile isahihishwe na kikao cha pamoja kiitishwe kabla rasimu haijafika kwenye bodi ya ndaki. Baada ya hapo waraka uwe mmoja, wenye saini za pande zote.

Katika kikao hicho wekeni hesabu mezani. Kwa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, mwaka ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu haipungui 360. Mbinu za Kufundisha ikibaki ilipo na kozi yao ikaongezwa juu yake, muhula unakuwa wa krediti 72, yaani saa 720 mahali pa 600. Mjumbe akishaiona tofauti hiyo, mjadala wa kuongeza bila kupunguza huwa mfupi.

Kisha andikeni mabadiliko yanaanza na wanafunzi gani. Utaratibu mzuri ni kuanza na wanaoingia mwaka wa kwanza, na waliotangulia wamalize kwa mtaala walioanza nao. Msisahau wanaokeri, yaani wanaobeba kozi waliyofeli hadi mwaka unaofuata. Mwanafunzi aliyefeli kozi mnayoifuta mwaka huu atakuja kuirudia mwaka ujao na kukuta haipo. Kama waraka haukutaja kozi mbadala, atazungushwa ofisi hadi ofisi akiwa na barua mkononi. Angalieni pia kama kozi inayoondolewa ni tangulizi kwa kozi yoyote ya mwaka wa tatu, na mtajeni kwa cheo atakayerekebisha kitabu cha mwongozo na mfumo wa usajili. Nimewahi kuona kitabu kikisema hivi na mfumo ukisema vile, na mwanafunzi akaonekana mkaidi kwa kufuata kimojawapo.

Mpangaji Ratiba amejibu:

Naongeza dogo. Wanafunzi wa Historia na Jiografia ndio watakaoumia zaidi, kwa sababu Jiografia ina vipindi vya vitendo vya saa nyingi mfululizo ambavyo hatuwezi kuvikatakata. Kabla hamjakubaliana muhula wa kuweka kozi hiyo, tuleteeni orodha ya michepuo yote yenye Historia tujaribishe ratiba. Kazi hiyo ni ya siku chache tu, lakini kwa kawaida tunaletewa uamuzi ukiwa umeshapitishwa.

Mratibu wa Mitaala amejibu:

Shikamoo mzee, na nawashukuru nyote. Barua kwa mkuu wa Idara ya Historia nimeshaiandaa, na nimeomba watu wa Kiswahili, falsafa na ratiba waalikwe. Tutapendekeza kozi yao ya hiari ya muhula huo ipishe hiyo mpya kwa wanafunzi wetu, na Mbinu za Kufundisha ibaki ilipo. Suala la lugha ya kufundishia ndilo ambalo sijajua tuliingize katika waraka huu huu au tuliandikie waraka wake, maana naona linaweza kuzivuta hata kozi nyingine za Historia. Mzee, kwa uzoefu wako, bodi ya ndaki italipokea likiwa ndani ya waraka wa kozi moja?

Mstaafu wa Ofisi ya Taaluma amejibu:

Marahaba. Litajeni humo kwa kozi hiyo moja tu, kama sifa ya kozi. Mkilifanya sera ya idara nzima, waraka wenu utakaa kabatini.