Mjadala: Je, daftari la mvuvi liwe ushahidi wa afya ya bahari?

Mleta mada

Wadau, kila unapoletwa mpango wa kufunga eneo la uvuvi au kulifungua, ugomvi ni uleule: ushahidi wa nani usikilizwe? Wapo wanaosema vipimo vya mtaalamu peke yake. Mimi niko upande wa pili. Nasema kumbukumbu zinazowekwa na wavuvi wenyewe zipewe uzito kisheria, zikae mezani pamoja na ripoti ya mtafiti.

Sababu yangu kubwa ni muda. Mdomo wa mto hautulii hata siku moja. Maji ya mto ni mepesi, yanapita juu. Maji chumvi ni mazito, yanajipenyeza chini. Mchana mwani na nyasi bahari hutoa oksijeni. Usiku kila kiumbe kinaitumia na hakuna kinachoirudisha, kwa hiyo kiwango hushuka kabisa karibu na alfajiri. Mtafiti akifika saa nne asubuhi, akatumbukiza kipimo chake mita moja tu na kuandika kwamba oksijeni inatosha, hajasema uongo. Amepima saa ambayo samaki hawana shida, tena kwenye tabaka lisilo na shida. Nani yuko majini alfajiri, bamvua na maji mafu, mwaka mzima?

Na hoja kwamba asiye mwanasayansi hawezi kukusanya data ya maana, hiyo siikubali. Tangu 1931 meli za biashara zinakokota kifaa cha kunasia planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea majini, alichobuni mwanasayansi Alister Hardy wa Uingereza. Maji huingia kwa tundu dogo la mbele, planktoni hunaswa kwenye utepe wa hariri unaojiviringisha taratibu kadiri meli inavyosonga, kisha utepe unaingia kwenye dawa ya kuhifadhi. Kazi ya mabaharia ni kukishusha, kukipandisha, na kuandika saa na mahali. Kuhesabu ni kazi ya maabara. Ni moja ya kumbukumbu ndefu kuliko zote za viumbe wa baharini, na imewezekana kwa sababu ya watu ambao safari yao ilikuwa ya kupeleka mizigo.

Halafu kuna Newfoundland. Julai 1992 Kanada ilifunga uvuvi wa chewa wa Atlantiki na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Wavuvi wa mashua ndogo za pwani walikuwa wamelalamika miaka kadhaa kabla ya hapo: samaki wanapungua, na wanaopatikana ni wadogo. Hawakusikilizwa.

Mchangiaji wa pili

Mleta mada, mfano wako wa Newfoundland ninautaka mimi. Waliokadiria akiba ile walitegemea sana mavuno ya meli kubwa za juya. Meli hizo zilikuwa na vifaa vya kuwasaka samaki popote walipojikusanya. Samaki wakapungua, waliobaki wakasongamana, meli zikawafuata huko huko, na hesabu ya mavuno kwa saa ikaendelea kupendeza. Kwa hiyo kilichopotosha ni takwimu za mavuno. Leo unataka tuzipe nguvu ya kisheria?

Nikupe mfano mwingine. Kwenye ghuba ya Mobile, Alabama, kuna usiku wa kiangazi ambapo samaki bapa, kaa na kamba wanasogea wenyewe hadi ukingoni kabisa mwa ufukwe. Watu wanaamshana alfajiri, wanakuja na ndoo na taa, na wameliita tukio hilo jubilii. Kisa chake ni maji ya chini yaliyoishiwa oksijeni kusukumwa kuelekea nchi kavu, na viumbe wanayakimbia. Ukiandika kilo tu, usiku huo utaonekana ndio bora kuliko yote ya msimu. Na bahari iko taabani.

Tena mvuvi ana maslahi. Akijua daftari lake linaweza kumfungia eneo analotegemea kula, mkono wake utakuwa mzito. Simlaumu. Lakini pia mwaka 1995 mtafiti wa uvuvi Daniel Pauly alieleza jambo linalotuhusu sote: kila kizazi huchukulia hali kilichoikuta ujanani kuwa ndiyo ya kawaida. Mzee anakumbuka samaki wakubwa, kijana hawakumbuki, na hakuna anayeona hasara nzima. Kumbukumbu za kichwani si kipimo.

Mchangiaji wa tatu

Mmesahau sumu. Kule Minamata, Japani, watu waliona paka wakitetemeka na kuanguka, wakaona samaki wakielea. Ugonjwa kwa binadamu uliripotiwa rasmi Mei 1956. Serikali ilikuja kutamka mwaka 1968 kwamba chanzo ni zebaki iliyomwagwa na kiwanda. Macho ya wakazi yalitangulia, sawa, lakini hakuna jicho linaloona zebaki. Ni vivyo hivyo kwa kome na chaza: wanachuja maji mchana kutwa na kulimbikiza sumu ya mwani mwilini, na bado nyama yao inaonekana safi, haina harufu, na kupika hakuiondoi sumu ile. Hapo bila maabara watu wanakufa. Mimi sitaki jambo la sumu liamuliwe na daftari la mtu yeyote.

Mchangiaji wa nne

Mimi ni mvuvi, naomba nisikilizwe maana tunajadiliwa sisi.

Ndugu wa pili, umesema maslahi, na ni kweli. Lakini hujauliza kwa nini mkono unakuwa mzito. Wanakuja watu na fomu, wanatuuliza tunavua wapi, saa ngapi, kwa nyavu za tundu gani. Tunawajibu. Wakiondoka hatusikii tena neno, mpaka siku ya kuambiwa mahali fulani pamefungwa. Mtu akikufanyia hivyo utamtajia mwamba wako? Si wizi wa samaki tunaouficha, tunaficha riziki.

Na tunayoyajua si kilo tu. Nanga ikipanda na tope jeusi linalonuka yai bovu mahali ambapo zamani tope lilikuwa la kijivu, tunajua chini hakuna hewa. Nyavu zikirudi zimevaa utelezi wa kahawia, tunajua maji yamebadilika. Ukipasua samaki mdogo kuliko kawaida ukamkuta ana mayai tayari, hilo nalo lina maana yake. Fomu za wataalamu hazina nafasi ya kuandika hayo. Zina nafasi ya kilo na aina.

Mleta mada

Nakushukuru, ndugu mvuvi.

Nikirudi kwa mchangiaji wa pili: tofauti ni kati ya hesabu ya mavuno na kumbukumbu ya uvuvi. Kinachotakiwa kuandikwa ni saa zilizotumika, nyavu au ndoana ngapi, urefu wa samaki, na zaidi ya yote siku ya kurudi mikono mitupu. Siku hiyo ndiyo inayoachwa mara nyingi, na bila hiyo wastani wote ni batili. Hata jubilii yako: anayeandika kilo atadanganyika, lakini anayeandika "kaa wamepanda wenyewe alfajiri, tumewaokota kwa ndoo" ametoa taarifa ya oksijeni bila kushika kifaa. Na hoja ya Pauly ni hoja ya kuandika. Daftari la miaka thelathini halina ujana.

Mtaalamu naye ana upofu wake. Ghuba ya Meksiko hupimwa eneo lake mfu kila kiangazi, yaani sehemu ambazo maji ya chini yana oksijeni isiyozidi miligramu 2 kwa lita. Mwaka 2017 lilifika kilomita za mraba 22,720, rekodi kubwa kuliko zote. Mwaka 2020 likapimwa kama 5,480 tu. Mbolea ya mashambani, inayostawisha mwani ambao ukioza hula oksijeni, haikuwa imetoweka kwenye mto Mississippi; kimbunga Hanna kilikuwa kimekoroga maji na kurudisha oksijeni chini muda mfupi kabla ya meli ya utafiti kupita. Watafiti wenyewe walilieleza hilo wazi. Nalisema kwa sababu safari moja kwa mwaka, hata ikiwa na vifaa vizuri kiasi gani, ni picha ya siku zile zile.

Suala la sumu nalikubali lote. Libaki la maabara.

Mchangiaji wa pili

Tumesogeleana kidogo. Basi nitoe masharti. Kwanza, mashua chache zikaguliwe bila taarifa, samaki wapimwe upya na mtu asiye na maslahi, ili tujue daftari linapotoka kwa kiasi gani. Pili, vipimo vya oksijeni na chumvi viachwe majini usiku na mchana, juu na chini, visiwe vya kuja navyo na kuondoka navyo. Chesapeake, Marekani, wanapima maji yao kwa mpango mmoja tangu miaka ya 1980, ndiyo maana wanaweza kubishana kuhusu mwelekeo wa ghuba yao kwa ushahidi. Miradi ya miaka mitatu inayokufa fedha zikiisha haijengi kitu.

Mchangiaji wa nne

Ukaguzi tunaukubali. Na sisi tuna sharti: matokeo yasomwe dikoni kwanza, kwa lugha tunayoielewa, kabla hayajaenda popote. Ramani ya miamba yetu isichapishwe.

Mleta mada

Yaandikwe kwenye kanuni yote mawili. Linalobaki ni hili: daftari na kipimo vikikinzana, nani anashinda? Msimamo wangu ni kwamba ushahidi unaoonyesha hatari ndio ushinde kwa muda, eneo lifungwe, na kupima upya kufanyike ndani ya msimu huohuo.

Mchangiaji wa pili

Na atakayekaa bila kazi msimu huo alipwe na nani? Bila jibu la hilo, hakuna mvuvi atakayeandika hatari kwenye daftari lake, na mimi siwezi kuunga mkono kanuni inayomwadhibu aliyesema kweli.