Demo ni bure kwa nani? Nimechoma GB 14 halafu nanyimwa hata kidole chini

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Juzi nimenunua bando la usiku, nimekesha hadi saa tisa nashusha demo, yaani kionjo cha bure, ya gemu moja la mbio za magari. GB 14. Laptopu yangu inazidi mahitaji waliyoandika wenyewe. Kufungua: picha inakatakata kama DVD yenye mikwaruzo, gari linazama kwenye lami, na ukijaribu kusevu gemu linajifunga. Nimevumilia dakika 40. Nikarudi Steam, duka la magemu mtandaoni nilikoipata, niwatahadharishe wenzangu, natafuta pa kuandika maoni, hamna. Kinachong'aa ni kitufe kimoja tu, cha kuliweka gemu lao kwenye orodha ya ninayoyasubiri. Nilisubiri nini tena?

Kwa wasiojua utaratibu: tangu Julai 2024 Valve, wenye Steam, wameruhusu demo iwe na ukurasa wake, na ikiwa nao, wachezaji wanaiandikia maoni kama gemu lolote. Safi kabisa. Lakini kuwa na ukurasa huo ni hiari ya mtengenezaji. Asiyetaka anaining'iniza demo kwenye ukurasa wa gemu lenyewe, ambalo halijatoka, kwa hiyo maoni hakuna. Sasa mwenye demo mbovu atachagua lipi? Ni sawa na kumuuliza mwanafunzi kama angependa mtihani wake usahihishwe.

Mtaniambia kuna ubao wa majadiliano. Upo, na wanausimamia wao wenyewe. Niliandika pale kwa adabu zote, nimeamka uzi umefutwa.

Najua na povu linalokuja. "Ni demo tu, halijakamilika hilo." Jamani, muuza tende Kariakoo akikupa kionjo, anakuchagulia ile nzuri. Hakupi iliyooza akakuapia kwamba za ndani ya boksi ni tamu. Hii demo hakuna aliyewaibia. Wameipeleka kwa hiari yao kwenye Next Fest, tamasha la Steam, wiki nzima ya mademo kwa mamia, ili watu tuwajazie orodha. Sifa wanazitaka, lawama hawazitaki.

Wengine: "Likitoka nunua, ukichukia omba hela yako." Ndiyo, ndani ya siku 14 na uwe hujacheza saa 2, unarudishiwa. Hela inarudi, bando halirudi! Na gemu zima si GB 14, ni zaidi ya 70. Mwenye faiba nyumbani hawezi kunielewa hapa, simlaumu. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba aliyerudishiwa hela maoni yake yanabaki palepale, yanawekewa alama tu kwamba alirudisha. Yaani yeye kalionja gemu saa moja, kachukua chake, na bado ana sauti. Mimi niliyeonja kile walichonipa wenyewe, sina.

Nakubali kitu kimoja: maoni ya demo yasichanganywe na ya gemu kamili, na demo ikirekebishwa ionekane wazi kwamba maoni fulani ni ya toleo la zamani. Hiyo ni haki yao, hasa watengenezaji wadogo wanaosahihisha kila wiki. Na wale mnaoponda demo kwa kuandika "fupi sana" mnatuharibia kesi. Mlitaka iwe ndefu kama tamthilia ya Kituruki?

Ila hilo la kuchagua kama nitasemwa au sisemwi liondolewe. Umeweka demo hadharani, sehemu ya maoni iwepo. Basi.

Gemu silitaji hapa, mods wa humu wasije wakaufunga na uzi huu. Anayetaka jina kabla hajachoma bando lake aje PM. Na asiniambie ni bure.